Matoka Niliyopanda Juu ya Mtaro

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mwekundu, hapo zamani, tukikaa upande wa Ruiru kabla mashamba ya kahawa hayajakatwa yakawa maploti. Huyo ng'ombe alikuwa na tabia mbaya. Unamwekea maji kwa karai yake, inajaa mpaka juu. Hanywi. Anamwangalia mwenzake. Mwenzake akiinama tu kunywa, huyu anaenda, anamsukuma kwa pembe, anaingiza mdomo kwa karai ya mwenzake. Yake inakaa pale inaingia nzi. Mama akajaribu kubadilisha makarai, akawaweka wakitazamana, akawaweka wakipeana mgongo. Wapi. Mwishowe akamuuzia mtu wa bucha. Siku hiyo anapelekwa, nilikuwa nimemnyang'anya ndugu yangu shati, na yangu ilikuwa mpya kuliko yake. Mama akatuangalia, mimi na ng'ombe, akasema, "Huyu ni wewe, tofauti ni miguu."

Naona mnaangaliana. Mnasema huyu mzee aliitwa mbele ashuhudie habari ya mafuriko, sasa ametuletea ng'ombe. Pasta aliniambia dakika kumi, na nyinyi mnanijua, kwangu dakika kumi ni salamu. Ngojeni, maji yanakuja.

Mnajua shamba langu liko huku chini ya mtaa wa Landless, karibu na mto. Juu yangu kidogo kulikuwa na kipande cha matope, hakuna mtu alikitaka, hata mbuzi ilikuwa inakiogopa. Akaja mtu mmoja kutoka Magharibi mwa Kenya, alikuwa amefanya kazi kiwanda hapa Thika, kazi ikaisha. Jina sitaji. Akakikodi. Akaja kwangu na heshima, akaniita babu, akaniambia, "Guka, maji yangu hayana pa kutokea. Naomba nipitishe mtaro kwa kona yako, yafike mtoni." Nikamwambia pitisha. Nilikuwa nacheka moyoni. Nilijua atalima chura.

Ndugu zangu, yule mtu alichimba. Akatengeneza matuta na mitaro kama mtu anayesuka nywele. Akapanda nduma na mboga za managu. Halafu ule ukame ukaja, ule mnaujua, mvua ilikosa msimu huu, ikakosa ule mwingine, mpaka tukaacha kuhesabu. Mahindi yangu yalisimama kama makaratasi. Ng'ombe nikauza. Na hapo juu yangu, kwa yule mtu, majani ya nduma yako kama mwavuli, kijani kibichi.

Sasa kilichoniua si hiyo kijani. Ni wamama. Wanatoka Kiuu, wanatoka Ngoingwa, wanashuka kwa boda mpaka kwa mlango wangu wananiuliza, "Guka, kwa mtu wa nduma ni wapi?" Kila siku. Nimeishi hapo miaka arobaini, nimezaa hapo, nimezika hapo, na nimekuwa kibao cha kuonyesha njia. Shosho wenu naye, mke wangu, anakula nduma za yule mtu anasema, "Hii haina nyuzi kabisa." Nikisikia hivyo nasukuma sahani.

Ikafika Jumapili ya mavuno, hapa hapa. Mimi nilileta mahindi nusu debe. Yeye akaleta nduma moja kubwa kama mguu wa mtu mzima. Pasta akaiinua juu, mkapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mliokaa karibu nami mtakumbuka nilitoka kabla ya maombi ya mwisho. Nilisema ni tumbo. Haikuwa tumbo.

Nilienda nyumbani nikavua koti, nikachukua jembe, nikaziba ule mtaro. Nikajaza mawe, nikajaza udongo, nikaushindilia kwa miguu. Halafu, hapa ndipo nataka mnisikie vizuri, nikachimbua matoka, yale maua ya mpakani, kutoka kwa mpaka wetu pale juu, nikayapanda juu ya ule udongo, mstari mmoja mzuri.

Vijana wa siku hizi wanaona itoka ni ua tu. Wazee hapa wanajua. Itoka ndiyo mpaka. Babangu alikuwa anasema, mtu akiling'oa la mwenzake, mkono wake hautashika kitu kikae. Mimi mwenyewe sijawahi kuligusa la mtu. Lakini hakuna mtu alinifundisha ni nini kinampata yule anayelipanda mahali si pake. Na nilijua yule mtu, ingawa si Mkikuyu, amekaa na sisi vya kutosha. Hangegusa.

Hakugusa. Alikuja akasimama akayaangalia, akarudi.

Baadaye redio ikaanza kusema mvua itakuja, na si mvua ya kawaida. Mimi shule niliacha darasa la pili, hayo mambo ya bahari kupata joto sitayaweza. Lakini yeye alisikia akaja kwangu. Akasema, "Guka, fungua mtaro. Si kwa ajili ya nduma. Maji yatajaa kwangu, yakimaliza kwangu yatakuja kwa nyumba yako."

Nikamwambia itoka haling'olewi.

Akaniuliza, polepole tu, "Hata lililopandwa juzi?"

Nikaangalia kuku. Akaenda.

Mvua ilipokuja, ndugu zangu, nawaambia, nimeona mvua nyingi. Niliona ile iliyobeba daraja nikiwa kijana. Hii ilikuwa mnyama mwingine. Hata redio walisema tangu waanze kupima hawajaona kama hiyo. Ardhi ilikuwa imekauka kama sufuria, maji hayaingii, yanateleza tu. Siku ya nne, Jumamosi, asubuhi saa nne, nilikuwa nimepanda huku maduka ya Landless kutafuta makaa. Nikasikia watu wanasema huko chini kumejaa. Nikashuka mbio, mbio za mtu wa miaka sabini na mbili.

Nilipofika kwa mteremko, shamba la yule mtu halikuwepo. Lilikuwa ziwa. Na ziwa lilikuwa limefika kwa ule udongo wangu niliojaza, likapanda, likageuka, likaingia kwa boma langu. Nyumba ilikuwa ndani ya maji mpaka dirishani. Na Shosho yuko ndani, na mnajua nyonga yake, hata kwenda kanisani tunamshika. Niliona mkono wake kwa dirisha la jikoni. Alikuwa amepanda juu ya meza. Kati yangu na yeye maji yalikuwa yanakimbia, yanabeba banda la kuku, kuku wangu juu yake.

Kwa kona, pale kwenye matoka, kulikuwa na watu. Yule jirani alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, na jembe. Wazee wawili wa kwetu walikuwa wamemshika mkono. Hawataki achimbe. Wanamwambia huo ni mpaka wa mtu, usijiletee laana, tutafute kamba.

Akaniona. Akaita, "Guka, hawa wananikataza. Sema wewe."

Mnajua mtu anaweza kufikiri vitu vingapi kwa muda mfupi hivyo? Mke wangu juu ya meza, na mimi ninafikiri: nikisema, hawa wazee watajua. Ndiyo. Nawaambia bila kuficha. Wivu ulinishika shati hata hapo. Nikaona ni afadhali kamba itafutwe.

Halafu meza ikasogea. Nikaona ule mkono umeacha dirisha, ukalishika tena.

Nikasema kwa nguvu zangu zote, "Ng'oeni! Sio mpaka. Nilipanda mimi, kwa wivu!"

Hakuna mtu aliniangalia. Hiyo ndiyo nakumbuka. Walichimba tu. Ule udongo ulipofunguka, maji yalitoka na sauti kama lori linamwaga kokoto, yakaelekea mtoni, yakabeba matuta yake yote, nduma zake zote, na udongo wenyewe. Maji ya kwangu yakashuka mpaka magotini. Akaingia ndani, akatoka na Shosho mgongoni. Akamweka kwa nyasi, akamfunika na koti lake.

Sasa mimi ni wa kushukuru. Nyinyi mlitulaza hapa kanisani, mkatupikia uji. Wamama wa Ngoingwa walileta blanketi. Vijana walinijengea nyumba huko juu, mabati wakatafuta wao. Shosho ndiye yule pale, ananikodolea macho nimalize. Na somo langu ni dogo, kama shule yangu: kunywa kwa karai yako. Anayeziba maji ya mwenzake, ajue maji hayasahau njia, na njia yenyewe inapita kwake.

Ningekaa chini hapo. Lakini si mwisho.

Mvua ilipoisha nilienda kuuchimba ule mtaro tena, peke yangu, siku tatu. Nilitaka aone. Siku ya tatu alikuja. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia rudi ulime, nitakupa hata ile kona iwe yako.

Akasema, "Sina neno na wewe, Guka. Lakini siwezi kulima nikigeukageuka nyuma."

Akainama akaokota yale matoka, yalikuwa yamelala kwa matope yakianza kuoza. Akayapangusa moja moja. Akakwea hadi pale juu, akayapanda mahali yalipokuwa tangu babangu aliponigawia shamba hilo, sawasawa. Nilienda kupima kwa hatua baadaye. Hata unyayo mmoja hakukosea.

Akanawa mikono kwa mtaro, akaweka jembe begani, akashika ile njia ya juu. Na mimi nimesimama pale na shamba langu, na nyumba, na mke mzima, namwangalia anavyotembea, mwepesi kama mtu hajaacha kitu. Nikamwonea wivu.

Hakugeuka. Na hajarudi.