Bangili za Mjane wa Sinema

Kijiwe chetu ni ngazi ya duka langu la bangili, mkabala na jiko la chai la Hindurao. Huyu ni mpiga mieleka mstaafu, tunamwita Mieleka, na siku hizi anachokaba ni sufuria tu. Mwenzake ni Tatya, tarishi wa zamani, anayejua habari za kila nyumba na hajasahau hata moja. Wa tatu ni Dhondiram. Majira ya baridi yaliyopita watu wa sinema walikuja kupiga picha kijijini kwetu, wakampa nafasi ya kuigiza maiti, na tangu siku hiyo jina lake ni Marehemu. Hata mkewe humwita hivyo. Asubuhi ile nilikuwa napanga sanduku langu. Mchana nilikuwa nasubiriwa kwa Akkatai, binti yake Rupali anaolewa, na muuza bangili ndiye huenda nyumbani kumvisha bibi harusi bangili za kijani, yeye na wanawake wote wa ukoo. Wote, isipokuwa mjane, ambaye zake huvunjwa siku anapofiwa na mumewe na havai tena. Sasa Akkatai ni mjane, na jana kisimani alinisimamisha akaniambia kwamba nikimaliza kwa bintiye, na yeye atanyoosha mkono.

Tatya: Usiende. Sema unaumwa tumbo.

Mimi: Siumwi tumbo.

Tatya: Basi litafutie ugonjwa! Wakwe watakuwepo pale. Wakimwona mjane kavaa kijani, wanageuza gari, harusi kwisha. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mieleka: Kuku kaingiaje hapa?

Tatya: Kaingia tu. Wewe chemsha chai.

Marehemu: Jamani, shida si wakwe. Shida ni mume. Bangili za mjane zikilia, yule bwana kule aliko anazisikia. Anajua anaitwa. Anarudi.

Mieleka: Umejuaje?

Marehemu: Mimi nimewahi kufa. Wewe umewahi?

Mieleka: Ulikufa kwa sahani ya wali na mchuzi wa kuku!

Marehemu: Kufa ni kufa, mzee. Nimelala pale kwenye machela ya mianzi, maua hadi puani, kila bangili iliyolia niliisikia.

Tatya: Na miwa je? Mungu wa kike wa kijiji akikasirika, miwa inakuwa michungu. Kiwanda cha sukari kinaikataa. Kijiji kizima tunakula majani kwa sababu ya mkono wa mwanamke mmoja.

Mieleka: Mbona yule dada wa sinema aliyeigiza mjane alivaa na miwa ikawa mitamu?

Tatya akanywa chai kwanza. Akikwama huwa anakunywa.

Tatya: Kamera. Ile kamera yao kubwa inanyonya mikosi. Ndiyo maana walikuja nayo na turubai lake, isivuje.

Marehemu: Basi mpiga video wa harusi aje leo, anyonye na ya Akkatai!

Tatya: Ile ndogo. Inanyonya mafua tu.

Marehemu: Basi asubiri kidogo. Samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Bangili ni kioo, bwana. Ukikikunja unakatika vidole.

Hapo nikaweka sanduku chini, maana hasira zilianza kunipanda. Ama wamesahau, ama wanajifanya. Siku ile ya picha niliitwa mimi na bangili zangu, kwa sababu tukio lilikuwa la mjane kuvunjwa bangili mbele ya maiti ya mumewe. Wanawake wetu wenyewe waliombwa wamshike yule mwigizaji na kumgongesha mikono kwenye jiwe. Mara ya kwanza walifanya huku wanalia kweli, kila mmoja akiwa na wake wa kumkumbuka. Mwongozaji akasema rudieni, wingu limepita. Nikamvisha tena, wakavunja tena. Rudieni, nyati wa Tatya kaingia. Nikamvisha. Rudieni, maiti imepiga chafya.

Marehemu: Lile vumbi!

Mpaka adhuhuri nilikuwa nimemvisha mjane yuleyule bangili za kijani hadi hesabu imenipotea, na mbingu ikabaki palepale. Mwanzoni wanawake waligeuza nyuso nilipokuwa namvisha. Baadaye walikuwa wananishikia mkono wake, na mmoja akasema kijani hiki hakimpendezi, mpe kile cha jani la mgomba. Akkatai alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, anatazama. Juzi sinema ilipooneshwa kwenye ukuta wa shule, bangili zilivunjwa mara moja tu. Watu wakalia, wakamzomea yule kuhani wa kwenye sinema, wakapiga makofi. Sinema nzuri, sikatai. Lakini zile picha za kuvishwa tena na tena walizikata, na walioyaona hayo ni sisi. Nawashukuru watu wale kwa sinema yao, na nawashukuru zaidi kwa kukosa picha mara ya kwanza.

Mieleka: Hapo umesema kweli. Mke wangu tangu siku ile ameacha kuwakwepa wajane njiani asubuhi. Namshukuru Mungu, na huyo mwongozaji pia.

Tatya: Lakini yule dada alipanda gari akarudi Mumbai, mume wake yuko hai. Akkatai haendi popote. Atakayesutwa kila akienda kisimani ni yeye. Hilo nalo mlijibu.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Tatya alikuwa amesema jambo la maana, na lilituchoma wote. Tulikuwa bado tunatazama vikombe vyetu Rupali alipofika, manjano ya kupakwa bibi harusi ikiwa imemkauka mikononi.

Rupali: Mjomba, wakwe wamefika. Mama kasema uje.

Tatya: Mwanangu, na wao wakichukia?

Rupali: Nimeshawaambia, babu. Wakitaka kugeuza gari, barabara ni pana. Hawajageuza. Shangazi yao kauliza tu kama chai ipo.

Marehemu akacheka peke yake.

Rupali: Mjomba, za mama umeweka? Anavaa saizi gani?

Nikafungua mdomo kumjibu. Saizi ya Rupali naijua, ya bibi yake naijua, ya mke wa Tatya naijua hata gizani, na ya yule mwigizaji sitaisahau. Nikamtazama Tatya, mjuzi wa kila nyumba. Tatya akamtazama Marehemu. Mieleka akafunika sufuria. Mkono wa Akkatai niliushika mara ya mwisho Rupali akiwa anatambaa, na tangu siku ya mazishi ya mumewe hakuna mwanamume wala mwanamke aliyeuvisha kitu.

— Sijui, mwanangu, nikamwambia. Nitakuja na sanduku zima, tumpime.