Upana wa Reli Iliyong'olewa

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, kando ya barabara iliyolazwa palipokuwa na reli nyembamba. Hapo huketi Filimbi, dereva mstaafu wa treni. Sekunde, fundi saa. Na Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye hutumia methali kama anyoaye gizani. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa bado zito, nasi tukimchagulia Filimbi kipimo cha treni ndogo ya mfano, ya kuendeshwa mezani. Daktari alimwambia kwamba macho yake yanazimika na hayarudi. Naye alitaka kuiona njia yake mara moja tena, juu ya meza ya pasi aliyopewa na bintiye.

SEKUNDE: Mzee, chukua moja kwa themanini na saba, kila kitu kipunguzwe mara hizo. Nunua kijitreni cha watoto, kile kidogo kabisa, cha mtumba. Kivue bodi, ukivike kubwa ya kuchonga. Reli yake milimita tisa. Mwili mpana, miguu myembamba. Hakuna rahisi kuliko hiyo.

FILIMBI: Nitaiona?

SEKUNDE: Nitakuazima lenzi yangu.

FILIMBI: Si uliniazima juzi? Nikaona kidole changu tu.

WEMBE: Achana na vya sisimizi. Kamata ile kubwa ya kutandikwa bustanini, behewa kama kiatu. Mkubwa ni jalala.

SEKUNDE: Ataiweza bei? Na kona yake moja inameza meza nzima.

WEMBE: Asiweke kona. Iende, irudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

FILIMBI: Njia yangu ilikuwa kona tupu, mwanangu. Ukichungulia dirishani unaliona behewa lako la mwisho. Bila kona, hiyo ni ya mtu mwingine.

WEMBE: Basi jenga mlima na handaki. Treni usinunue, imo ndani. Akiuliza mtu, puliza filimbi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.



FILIMBI: Hiyo ninayo tayari. Nikifumba macho, imo handakini.

SEKUNDE: Penye nia pana njia, mzee.

FILIMBI: Nia ipo. Njia waliing'oa, ikauzwa kama chuma chakavu.

Mwanamke mmoja, fundi wa milango ya chuma, mgeni mtaani, alikuwa akingoja mwanawe anyolewe.

— Samahani, baba zangu. Reli yenyewe ilikuwa na upana gani?

SEKUNDE: Nyembamba.

— Kiasi gani? Ikiwa ilifika mita moja, hizo milimita tisa zitampunja.

Sekunde alipiga hesabu kwa kidole juu ya benchi, tisa mara themanini na saba, haikufika mita, akamtazama Filimbi.

FILIMBI: Nilikaa juu yake maisha yangu yote ya kazi. Kupima walipima wengine.

Aliweka kikombe chini, akatanua mikono mbele ya kifua atuonyeshe. Upana ukapungua, ukaongezeka. Yule mwanamke akavuta futi yake ya kupimia, akaisogeza baina ya viganja, akangoja vitulie.

Kahawa iliisha tukingoja.