Mama Mkwe Anataka Laeken

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la Maman Victorine, Chaussée de Wavre, hapa Bruxelles, kati ya duka la vitenge na ofisi ya kutuma pesa. Kahawa hutoka ndani, kwenye chupa ya chai. Papa Kabamba tunamwita Guide, kwa sababu kila mgeni anayetoka Lubumbashi humtembeza kwenye makanisa na sanamu za mji huu. Hénock tunamwita Maître, kama wakili. Hakusoma sheria, hubisha tu. Jumamosi ile mwenzetu Dady alikaa bila kusalimia. Mama mkwe wake amekuja kumngoja mjukuu, na kesho anataka apelekwe kanisa la Notre-Dame ya Laeken, amkabidhi Bikira mtoto aliye tumboni mwa Larissa, mke wa Dady.

— Sasa shida iko wapi? Guide aliuliza. Ile kanisa ni muzuri.

— Papa, chini yake kunalala Léopold. Ule mufalme wa caoutchouc, aliyekatishaka bababu mikono juu ya mpira.

— Eh, ye na famille yake yote.

— Donc sala ya kwanza ya mutoto wangu ni juu ya kaburi ya ule muntu?

— Bon, umukatalie mama.

— Mukwe? Hata mukono simupatie. Mi nikiwa salon, ye anakula ku cuisine. Nitamukatalia na kinywa gani?

Tulimwelewa. Kwao mkwe habishiwi, hashikwi, wala haulizwi maswali.

— Umwambie Laeken kuko travaux, wanatengeneza, Guide alisema. Umupeleke Koekelberg. Ile basilique iko na ascenseur. Anapanda, anaona Bruxelles yote.

— Na Laeken pia ataiona toka kule juu, Maître alidakia. Atakuonyesha na kidole: na ile kanisa je?

— Alors Saint-Michel. Kule wafalme wanaendaka kuoa.

— Muache mama aende Laeken, Maître alisema. Sala inapanda, haishukaka. Ni loi, ni sheria.

— Loi ya nani? Guide aliruka. Na maji ya baraka? Ile inashuka! Tone moja ipite mu mawe, Léopold amebarikiwa.

— Kanisa ya Babeleji haivuje.

— Haivuje? Mvua ikinyesha, métro yao inavuja!

— Na Léopold akisikia jina ya mutoto? Maître aliinamia kikombe, akashusha sauti. Utaona bébé anatoka na ndevu kama yake, mpaka hapa.

Guide alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Dady hakucheka.

Jaffari, mwanafunzi Mtanzania aliyekuja kununua unga, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

— Shikamooni. Samahani wazee, kwani mama mwenyewe hajui nani kazikwa pale?

Guide alimtazama Maître. Maître alitazama magari.

— Atajulia wapi? Dady alisema, lakini polepole.

Akampigia Larissa, akaweka sauti wazi. Tulimsikia Larissa akiuliza jikoni. Sauti ya mama ilijibu kwa mbali, kwa muda mrefu, bila kusogelea simu.

— Anasema anamujua Léopold mbele weye uzaliwe, Larissa alisema. Bakubwa wake walimuongeleaka.

— Na bado anataka kwenda?

— Kwanza atasali. Kisha anataka kushuka kule chini, aione ile kaburi na macho yake. Kesho wanafungua.

— Kushuka?

— Eh. Na kuko ngazi, Dady. Magoti yake haina nguvu. Anasema ni weye utamushika mukono.

Simu ilikatika. Dady aliweka kikombe chini, akageuza viganja vyake juu ya magoti.

— Papa, alisema, mama mukwe unamushikaka namna gani?

Guide, aliyeshusha nusu ya Lubumbashi kwenye ngazi za mji huu, hakujua.