Vitabu Tisini na Saba Alivyotuachia Dafinka

Wasikilizaji wapendwa wa Dolna Sliva, mlioko uwanjani, mlioko bustanini, na nyie mliofunga madirisha ili msinisikie. Spika nne ziko juu ya nguzo na zote zinafanya kazi. Nimezikagua mwenyewe asubuhi. Anayesema ni Pencho, yule yule wa matangazo ya maji na chanjo ya mbwa. Leo si maji. Leo ni Dafinka.

Dafinka alikuwa mke wangu. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja, na leo ni arobaini yake. Ngano ya kuchemsha iko mezani mlangoni kwangu, imetiwa sukari, vikombe vipo. Piteni mle. Lakini kwanza nisikilizeni, maana nina neno, na neno lenyewe lina siku ya mwisho. Siku hiyo ni Ijumaa.

Mimi nimesoma darasa la saba, halafu nikaingia chini ya trekta kama fundi, nikatoka huko nikiwa na miaka sitini na tatu. Kwa hiyo msinitarajie maneno ya kupendeza. Dafinka ndiye aliyekuwa na maneno. Alikuwa anasoma, wasikilizaji wapendwa. Alisoma kama watu wengine wanavyovuta sigara.

Alisoma amesimama. Msimu wa kuchoma pilipili hoho, mkono mmoja unageuza pilipili, mkono mwingine umeshika kitabu. Fungueni kitabu chochote cha Nyumba ya Kusomea, mkinuse. Kikinuka moshi na pilipili, amekipitia yeye. Alisoma pia kituo cha basi. Basi lenyewe wakubwa wa wilaya walilifuta, benchi wakalisahau. Akaniambia, "Angalau wametuachia mahali pa kukaa na kusoma." Akawa anakaa pale kila asubuhi kama anayesubiri basi. Madereva wa malori walikuwa wanasimama kumwambia, "Mama, hapa hakuna basi." Naye anawajibu, "Najua. Ondoka, unanizibia jua."

Na kila kitabu alianzia ukurasa wa mwisho. Nikamwambia, we mwanamke, hivyo ndivyo mlivyofundishwa shuleni? Akasema, "Nataka kujua kama mwandishi anajua anakokwenda. Akiwa hajui, namfuata kwa tahadhari."

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Miaka miwili iliyopita ilikuja tume kutoka wilayani. Watu watatu, gari moja, muhuri mmoja. Wakaingia Nyumba ya Kusomea. Nyumba ile babu zetu waliijenga kwa mikono yao, matofali waliyafyatua wenyewe pale mtoni baada ya mavuno, hakuna mkubwa aliyeleta hata msumari. Hawa watatu wakakaa mle saa mbili. Wakaandika orodha. Vitabu mia tatu na tisini. Wakasema: hivi havijaazimwa kwa miaka kumi, havina muhuri wa tarehe, tutarudi baada ya miaka miwili, vitakavyokuwa bado havina muhuri vitafutwa na kupelekwa kiwanda cha karatasi. Mia tatu na tisini. Na rafu zikiwa tupu, kinachofuata kila mtu anakijua. Zahanati walianza kwa kuondoa kitanda. Shule walianza kwa kuondoa kengele.

Tsonka, mtunza vitabu wetu, alikuja kwetu analia. Akasema, "Shangazi Dafinka, nipe kadi yako. Nigonge mihuri yote leo leo, tumalize. Nani atajua?"

Dafinka alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. "Muhuri wa uongo ni wa kwao, Tsonka. Sisi tutasoma."

"Vyote?"

"Kwani kuna kilichoandikwa kwa Kichina?"

Basi akaanza. Vitabu vitatu kwa wiki, wakati mwingine vinne. Vile ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amevitaka kwa miaka kumi. Na hivyo ndivyo vilivyokuja kuwa vipenzi vyake! Mara ya mwisho binti yetu Milka alipopiga simu kutoka Hispania, akamuuliza, "Mama, unasoma nini siku hizi?" Mama yake akamweleza habari za viwavi wa hariri kwa dakika arobaini. Milka ameniambia juzi, "Baba, nilikuwa kazini, nimejificha stoo, nikashindwa kukata simu. Sasa nawajua wale viwavi kuliko majirani zangu."

Kulikuwa na kitabu cha viwavi. Kulikuwa na kitabu cha kuchanganya saruji, kurasa mia tatu, hakuna hata mapenzi ndani yake. Alikipenda sana. Walipokuja vijana wa wilaya kumwaga zege la njia ya waenda kwa miguu hapa uwanjani, akasimama mbele yao na kitabu. "Mchanga wenu una udongo. Ukurasa wa arobaini na moja." Msimamizi wao akacheka. "Bibi, nenda kapike." Njia hiyo mnaipita kila siku. Mnaona ilivyopasuka? Ukurasa wa arobaini na moja, wasikilizaji wapendwa.

Na kulikuwa na hadithi ya mchimba visima. Nitarudi kwake.

Samahani. Mnasikia hiyo kelele? Ni mlango wa chumba hiki cha matangazo, unagongwa. Ni meya wetu, Kamen.

"Mzee Pencho! Fungua! Ulisema unaingia kutangaza maji!"

Maji nitatangaza, Kamen. Maji yatakatika Jumanne, kuanzia saa tatu asubuhi hadi wakubwa watakapojisikia kuyarudisha. Haya, nimetangaza.

"Mzee Pencho, wilayani wakisikia nitafukuzwa mimi!"

Kamen, mimi ndiye niliyekufundisha kuendesha trekta. Uliangusha uzio wa marehemu Rangel nikasema nimeuangusha mimi. Kaa hapo kwenye ngazi, upumzike. Mlango nimefunga kwa ndani na ufunguo uko mfukoni.

Tuendelee.

Nataka niseme na langu, maana leo sitaki kulaumu wengine tu. Miaka arobaini na sita nilimcheka. Nilimwambia, macho yataisha. Nilimwambia, vitabu havipandi viazi. Hakuwahi kuninunia. Alikuwa anajua jinsi ninavyosoma, neno moja, napumzika, neno moja. Akawa ananisomea yeye kwa sauti mimi nikijifanya natengeneza kitu. Nyumba yetu ina redio moja, nimeitengeneza mara elfu. Haikuwahi kuharibika.

Alifariki asubuhi, pale pale kituo cha basi, kitabu mapajani. Dada yake Velika ndiye aliyemkuta. Alikuwa bado anapumua. Tulipiga simu mjini saa tatu. Gari la wagonjwa lilifika saa tano kasoro dakika kumi. Zahanati yetu iko hatua mia mbili kutoka kwenye lile benchi, na ina kufuli. Sisemi zaidi. Waliotia hilo kufuli wanajijua, na wana zahanati kwao.

Nikaenda kuchapisha matangazo ya msiba, yale tunayobandika milangoni na kwenye nguzo. Thelathini. Yule wa mashine akaniuliza niandike nini, nikasema, andika kama ya wote: mke mwema, mama mwema, dada mwema. Nikabandika kijiji kizima. Velika akasimama mbele ya la mlangoni kwangu, akasoma, akanigeukia.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Huoni picha?"

"Picha naiona. Mke mwema, mama mwema, huyo ni kila mtu. Dada yangu yuko wapi hapa?"

Nikachukua kalamu. Nikazunguka kijiji tena, matangazo thelathini, kila moja nikaandika chini kwa mkono: MSOMAJI. Kwenye mawili nimekosea herufi. Mmeona, mmenyamaza, asanteni.

Na mnajua alichokuwa anafanya na matangazo hayo? Mwaka ukipita, mvua ikiyachana, alikuwa anayabandua na kuyakata vipande vya kuwekea alama kwenye kitabu. Nilidhani ni ubahili. Akasema, "Wasikae matopeni. Wakae mahali penye watu." Kwa hiyo marehemu wetu wako rafuni kwa Tsonka. Nusu ya masharubu ya Rangel iko kwenye kitabu cha nyuki. Mama yangu yuko kwenye viwavi wa hariri. Hao pia watatupwa nje siku Nyumba ya Kusomea ikifungwa, kama hamkujua.

Sasa hesabu, nairudia mara mbili. Tume iliandika vitabu mia tatu na tisini. Dafinka alisoma mia mbili tisini na viwili hadi mwisho, na cha mia mbili tisini na tatu, chenye muhuri tayari, alikuwa katikati. Vimebaki tisini na saba. Tume inarudi Ijumaa. Vimebaki tisini na saba, tume inarudi Ijumaa.

Sisi kijijini tuko themanini na wanne. Kila mtu kimoja, na wabishi wachukue viwili. Wabishi hawapungui kumi na watatu hapa, nawafahamu kwa majina. Tsonka yuko mlangoni pa Nyumba ya Kusomea tangu saa mbili, muhuri mkononi. Lakini ukichukua, soma. Msimfanyie Dafinka uongo. Kama huna miwani, mwambie jirani akusomee. Kama jirani mmegombana, ndiyo nafasi ya kupatana, au mgombane kuhusu kitabu.

Velika amechukua cha magonjwa ya kuku. Mimi nimefunguliwa kadi, ya kwanza maishani mwangu, namba mia nne na kumi na tisa. Kamen, uliyeko ngazini: kile cha trekta bado kipo. Usije ukasema hukuambiwa.

Pole zangu kwa binti yetu Milka, aliyelia peke yake katika nchi ya watu kwa sababu hapa hapakuwa na kazi. Pole kwako, shemeji Velika. Pole Tsonka, umebaki na rafu. Pole na mimi. Na kila mmoja leo, akila ile ngano, ajiulize: kipi kingine tumewaachia wakichukue kwa sababu tu hatukukigusa kwa miaka kumi?

Nimebaki na kitabu alichokufa nacho. Ni cha mchimba visima. Alikipenda akakiazima mara ya pili, kile cha mia mbili tisini na tatu akakiweka kando kwanza; si kawaida yake, lakini nadhani alichoka kidogo na viwavi. Tsonka amekihamishia kwenye kadi yangu. Alama nimekata kwenye tangazo lake, lile la kituo cha basi ambalo mvua imelichana. Limebaki jicho moja na lile neno langu.

Ukurasa wa sitini na tatu, pale alipoishia. Nasoma polepole. Asiye na subira afunge dirisha.

"Wakamwambia kutoka juu… toka, hapo hakuna maji. Mchimbaji akasema… nyie hamjachimba. Nipeni… nipeni kamba zaidi."

Gonga tu, Kamen. Nimebakisha nusu ukurasa.