Mgomba Nilioupanda Kwenye Kihamba cha Shemeji

Marahaba, wanangu. Marahaba na ninyi wa nyuma. Nitasema nikiwa nimekaa, magoti hayanisikilizi tena. Mzee wa kanisa amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Bibi, sema yote, ila usitaje watu." Nitamtii nusu. Walioniumiza sitawataja, ingawa majina yao ninayo yote, na ya baba zao. Walionisaidia nitawataja, maana sikuja hapa kuwaficha.

Wengi wenu mnanijua kwa bustani hii iliyo nyuma ya kanisa. Mnaniona na ndugu zetu wanaoumwa akili, tunapalilia, tunamwagilia, tunagombana juu ya matuta. Mnadhani ni huruma ya kizee. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikuwa mmoja wao, tena wa kufungwa kamba.

Nilikuwa mjane, naishi Ngarenanyuki, upande wa nyuma wa mlima, nina ng'ombe wangu na mahindi yangu. Mwaka ule tuliambiwa ardhi ile sasa ni ya walowezi, sisi tuondoke. Hatukuamini. Unaambiwa uache mahali ulipomzika mumeo, unaona kama mtu anakutania. Mpaka siku malori yalipokuja. Mimi nilikuwa napika uji.

Askari mmoja akaingia jikoni. Kijana, sura ya upole, angeweza kuwa mwanangu. Akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia, mdomo umezoea. Akakishika chungu cha uji kwa matambara, akakitoa nje, akakiweka juu ya majani polepole, lisimwagike hata tone. Kisha akarudi akawasha paa.

Hicho ndicho kilichonivunja. Moto nilikuwa nimeuona kabla ya siku ile, hata njaa nilikuwa nimeiona. Lakini mtu anayekuamkia, anauokoa uji wako, halafu anaichoma nyumba yako, huyo mpaka leo sijui nimweke wapi. Nilikaa pale majanini na chungu changu. Uji ulikuwa bado wa moto, na nyumba ilikuwa imekwisha.

Nilipelekwa kwa mdogo wangu Ndesumbuka, aliyeolewa na Ndewario, juu kidogo ya kijiji cha Maji ya Chai. Wakanipokea. Lakini aliyefika hakuwa mimi. Sikusema neno. Nilimtazama Ndesumbuka, tumbo moja ziwa moja, nisijue ni nani. Na kila nilipoona moto niliuzima. Ndesumbuka akibandika ndizi, mimi nachukua maji, mwaa, juu ya mafiga. Nikaanza kwenda na kwa majirani. Naingia bila hodi, naona moto, nauzima, natoka. Watoto wakanipa jina, Masika. "Masika anakuja, ficheni jiko." Cheka, mama, usijizuie, hata mimi nacheka siku hizi. Lakini siku moja nilimwaga maji kwenye moto wa jirani yetu Nashiva, maharage yanachemka, chungu kikapinduka, mtoto wake akaungua mkono. Hapo kicheko kikaisha.

Wakanifunga kwa kamba ya ngozi kwenye nguzo ya nyumba. Msiwalaumu, ndivyo walivyojua. Ndugu mmoja wa Ndewario akasema lori la serikali likipita nipelekwe Dodoma, kwenye hospitali ya wenye wazimu. Hospitali siikatai, wako waliopona huko. Ila kwetu wakati ule aliyepanda lori lile alililiwa kama marehemu. Ndewario hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Kahawa ichumwe kwanza." Basi ikajulikana kwamba kahawa ikiisha, nami nimekwisha.

Ndesumbuka hakuwa na nafasi ya kukaa akalia. Alikuwa na kitalu cha mboga kando ya mfereji, jua kali, miche inanyauka. Asubuhi moja akanifungua, akanipa kibuyu, akanivuta mpaka pale. Akasema, "Dada, kama ni kumwaga maji, mwaga hapa. Hapa hutamuunguza mtu."

Nikamwaga. Nachota mferejini, namwaga, narudi kuchota. Alitaka kunizuia nisiozeshe miche, akaniacha. Jioni nikachoka, na usiku nikalala. Wanangu, tangu nyumba ilipochomwa sikuwa nimelala usingizi wa mtu. Kesho yake akanifungua tena. Kwanza maji, kisha kupalilia, kisha jembe.

Msije mkadhani udongo ni kama kidonge, unameza unapona. Siku nyingine nililala katikati ya tuta nisitake kuinuka, naye Ndesumbuka akapalilia akinizunguka kama anavyozunguka jiwe. Lakini nilianza kuvijua vitu. Huu ni mnavu. Hiki ni kitunguu. Huyu ni Ndesumbuka. Nilijua, ila mdomo haukufunguka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipokaribia kupotea kabisa. Desturi yetu mnaijua. Mgeni akikaa kwenye kihamba cha mtu, ardhi ya ukoo, atapanda maharage, viazi, mboga, vitu vinavyokwisha na msimu. Mgomba hapandi. Mgomba haukomi, mama akikatwa, watoto wamesimama. Anayepanda mgomba amesema, hapa ni pangu na pa wanangu. Hata mtoto mdogo anajua. Na asubuhi moja wakanikuta nimechimba shimo katikati ya kihamba cha Ndewario, nimeng'oa chipukizi sijui wapi, nimelipanda. Kulipanda sikumbuki. Nakumbuka nimesimama, matope mpaka viwikoni, na watu wananitazama kama wanaotazama nyoka kitandani.

Yule ndugu wa Ndewario akaja na panga.

"Mnauona wazimu wake? Wazimu gani huu unaochagua udongo mweusi? Mbona hakupanda kule kwenye mawe?"

Watu wakacheka. Akaendelea, "Leo mgomba, kesho tunaitwa kwa mshili, mkuu wa ukoo, tukagawane shamba. Ametolewa kwake, sasa anataka kwetu. Ndewario, ung'oe. Na kahawa imekwisha. Lori linapita Alhamisi."

Ndesumbuka akapiga magoti mbele ya mumewe. "Baba Anaeli, nakuomba. Hajui alifanyalo."

Ndewario akasema, "Anajua."

Akaenda akalichukua panga mkononi mwa ndugu yake, akauinamia mgomba wangu, akauchomoa shimoni. Nikasema moyoni, basi, Dodoma. Yeye akauegemeza kando, akaanza kuchimba kwa lile panga. Akasema bila kuinua uso, "Shimo fupi hili. Upepo wa huku utauangusha kabla haujazaa. Nani ataniletea samadi?"

Hakuna aliyesogea. Akaenda zizini mwenyewe, akarudi na samadi, akaimimina, akauweka mgomba kwa mkono wake katika ardhi ya baba yake. Nanyi mnajua, mwenye kihamba akikupandia mgomba kwa mkono wake, hakuna kikao kitakachoung'oa. Hata Ndesumbuka hakuamini, alikuwa bado yuko magotini.

Ndewario akaniambia, "Shemeji, mkungu wa mgomba huu utaukata wewe. Mimi siugusi. Kwa hiyo utangoja hapa."

Huku anasema, anakanyagia udongo. Anakanyagia, anapandisha, mpaka kwenye shingo ya mche. Nami nikasema, "Ndewario, usiuzike shingo, utaoza."

Aliyeshtuka kwanza ni mimi. Sauti ilitoka nzito, imekauka, kama ya mtu aliyesimama nyuma yangu. Nikageuka kumtazama. Ndesumbuka akaziba mdomo kwa mikono miwili. Na yule aliyekuja na panga akainama akatazama shimo, akajisahau, akasema, "Kweli, ameuzika mno."

Ndewario akasimama akajifuta. "Basi fukua wewe, mwenye mgomba."

Nikafukua. Alhamisi lori lilipita, nikalisikia likipanda kilima, na kibuyu kilikuwa mkononi mwangu.

Sikupona siku ile. Zilikuwako siku za kurudi kwenye tuta na kulala. Moto ndio ulionichelewesha kuliko vyote. Lakini mkungu ulipokomaa niliukata mwenyewe, nikawasha moto kwa mkono wangu, nikausimamia nikitokwa jasho la hofu, nikapika mtori wa ndizi zake. Nikampelekea Nashiva na yule mtoto. Nashiva alikitazama kile chungu, kisha akaenda kuleta vijiko. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa vijiko sikuwa nimejiandaa.

Ngarenanyuki hatujarudishiwa. Wazee wameipeleka kesi hata ng'ambo, nasi tunangoja. Nikiwaambia kwamba jambo hilo haliniumi, nitakuwa namdanganya Mungu ndani ya nyumba yake.

Namshukuru Yeye. Namshukuru Ndewario, ambaye hajaja kwa sababu anachukia kushukuriwa. Namshukuru Nashiva. Na Ndesumbuka ni yule pale mwenye kilemba cha bluu, anayejifanya anatafuta kitu chini ya benchi.

Ninalowaachia ni hili. Wengi mnawaletea wagonjwa wetu mbegu za mchicha, waone mavuno haraka. Vizuri, anzeni na mchicha. Lakini msiishie hapo. Mtu anayepewa vya msimu tu anaelewa kwamba mnamhesabu kama mgeni. Mpeni na kitu kinachochelewa, ajue kuna mahali anapongojwa akiwa mzima.

Nimemaliza. Mama uliyekaa karibu na mlango, uliyemfunika binti yako khanga usoni tusimwone, nimekuona tangu nilipoanza. Mfunue apate hewa. Mche wake wa mgomba nimekwisha kuuchagua, shimo liko wazi, samadi imo. Twendeni sasa, kabla jua halijakausha mizizi.