Selvabai, Aliyelala Sakafuni Chini ya Uso wa Mtoto

Ndugu, majirani na waumini wenzetu, familia inawasomea safari ya mama yetu, Selvabai Devasahayam.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1950 hapa kijijini Nazareth, wilaya ya Tirunelveli, kusini mwa India, mtoto wa tatu wa mgema Yesudian, akasoma shule ya wasichana ya misheni hadi 1966, akahitimu uuguzi Palayamkottai mwaka 1970, na kuanzia Februari 1971 hadi alipostaafu Juni 2008 aliwauguza watoto katika hospitali ya macho mjini Madurai, ambako ulimi wake uliwanyoosha hata madaktari.

Tarehe 22 Mei 1975 alifunga ndoa na Mwalimu Ponraj, aliyemtangulia mwaka 2011, wakajaliwa Samraj mwaka 1977 na Jebakani mwaka 1980, na huyu Jebakani alivaa miwani minene tangu ana miaka minne, kwa kuwa mbali hakuona kitu.

Mganga hajigangi, na mama mwenyewe alituagiza tusilifiche hili: yeye aliyewaziba watoto wa watu jicho moja moja kila siku ili awapime, wake hakuwahi kumziba, hivyo Januari 1989 Jebakani aliposema, “Mama, mbona kuna pazia jeusi?”, jicho la kulia ndilo lililokuwa linaanza kufunikwa, la kushoto lilikwisha kufa zamani bila mtu kujua.

Tarehe 19 Januari Dk. Sundaresan alimpasua, akairudisha mahali pake retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha, akalizungushia jicho mkanda, akaingiza kiputo cha gesi cha kuikandamiza, akaagiza mtoto alale kifudifudi siku kumi na nne, la sivyo ni giza la maisha. Mtoto wa miaka minane ataziwezea wapi siku kumi na nne, basi mama akatandika mkeka sakafuni, akalala chali, uso wake chini ya uso wa mwanawe, akamsimulia umbea wa wodi nzima, na kila mtoto alipotaka kugeuka akamwambia, “Geuka tu, mwanangu, na umbea wenyewe ndiyo kwanza umefika patamu.”

Tangu hapo alilala sakafuni hata chini ya nyuso za watoto wa wenzake, akawafundisha akina mama kwamba kila Jumamosi, wanapompaka mtoto mafuta ya ufuta kichwani kabla ya kumwogesha, wamzibe jicho hili, kisha hili, wamwulize anaona nini, na wengi wenu mlio hapa mlizibwa hivyo, mkanuna.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akafariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Samraj, akiacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka Madurai, majirani waliotupikia wali siku zote hizi, na Dk. Sundaresan, aliyekuja na fimbo yake akiwa na miaka themanini na sita, shikamoo daktari, kazi yako bado inashika.

Aliyewasomea ni mimi, Jebakani, kwa jicho la kulia. Mama, nimeisoma karatasi yote, hadi mstari wa mwisho. Pumzika kwa amani.