Redio ya Setilaiti Iliyoiamsha Kizwite

Naomba radhi mapema, maana kisa hiki kitaharibika mikononi mwangu. Kilistahili kusimuliwa na mtu aliyekishuhudia macho yakiwa wazi, na Jumapili ile mtu wa namna hiyo hakupatikana Kizwite nzima, mtaa wetu huu wa Sumbawanga. Wote walikuwa wanasinzia. Basi pokeeni hiki kilichopo. Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, mahali ambapo upepo wa mwezi wa saba unavuka mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa na kuingia moja kwa moja kwenye mifupa ya mtu. Hapo Beda anauza kahawa kwa birika lake la shaba. Hapo hukaa Zenon, aitwaye Sera, kwa sababu kila jambo kwake ni sera. Na Flavian, aitwaye Mpakani, kwa sababu biashara zake zote ziko upande wa Zambia na nyingine ni afadhali zisiulizwe. Na hapo hukaa Raymond, aitwaye Mitambo, kwa kuwa kila chenye swichi mjini hapa kimewahi kupita mikononi mwake, na baadhi vikapona.

Siku hiyo Raymond alifika baada ya misa akiwa amefura. Hakusalimia. Alipokea kikombe, akakipuliza, akakirudisha kwa Beda bila kunywa, jambo ambalo halijapata kutokea.

— Tumeingizwa mjini, alisema. Na safari hii wametuingiza kutokea angani.

Wote walijua anasema nini. Kengele ya kigango, kanisa letu dogo lililo chini ya parokia, ilikuwa imelia saa nane usiku. Wala si mlio mmoja wa kuchezewa na upepo. Ililia kengele kamili ya alfajiri, ile ya kuwaita watu kwenye misa ya kwanza. Watu wakaamka. Akina mama wakajifunga vitenge juu ya mablanketi. Wazee wakapapasa njia gizani mpaka kigangoni, wakakaa kwenye mabenchi, wakangoja kukuche. Hakukukucha. Padre alipowasili kutoka parokiani kwa saa yake halali, alisema "Bwana awe nanyi," akajibiwa na mkoromo.

Mpiga kengele mwenyewe alikuwa palepale, mwisho wa ubao, amejikunyata ndani ya koti kama kuku mwenye mdondo. Jina lake Kasmir. Baba yake ndiye aliyepiga kengele ile kabla yake, na tangu mzee alipofariki Kasmir hakuwahi kuikosea hata siku moja. Sasa Mzee Leonidas, mwenyekiti wa kigango, alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba akishamsindikiza Padre atapita kuchukua ufunguo wa mnara. Kengele angepewa Yohanes, kijana ambaye hata Pasaka huisikia kwa watu.

— Hebu nieleze tena, Raymond alimwambia. Taratibu, kama uko mahakamani.

— Nieleze nini, Mitambo? Redio ilikuwa inasema saa kumi na moja. Ikapiga kelele, ikaniamsha. Nikaenda nikapiga kengele.

— Na saa yako ya mkononi?

— Si uliniambia niivue?

Redio hiyo ilikuwa na siku moja tu kigangoni. Steven, kijana wa hapahapa Kizwite aliyepata kazi nzuri Dar, alikuwa ameituma zawadi: redio ya setilaiti, yenye antena bapa kama kifuniko cha sufuria unayoielekeza juu, na saa ndani yake yenye kengele ya kuamshia. Kwa kuwa Kasmir anakaa jirani na mnara, ikawekwa kwake. Na kwa kuwa ni mtambo, Jumamosi jioni akaitwa Mitambo. Raymond aliitoa kwenye boksi, akaizungusha antena mpaka ikashika, akabonyeza vitufe, na ilipoanza kuimba aliwahutubia waliokuwapo: kuanzia leo saa za mkononi ni mapambo, saa ya kweli inatoka juu, haitiwi ufunguo wala haibishaniwi. Alirudi kwake akitembea kama bwana harusi. Leo, akimtazama rafiki yake alivyojikunja, fahari ile yote ilikuwa imegeuka hasira, na hasira ilikuwa inatafuta mtu.

— Mimi jioni nilishtuka, Kasmir aliendelea. Mama Jenifa ndiyo kwanza anainjika maji ya ugali, naangalia redio, saa nne usiku! Nikamwambia, mke wangu, tumechelewa mno, hata usisonge. Tukalala na njaa.

— Ukaamini redio ukaacha tumbo? Zenon aliuliza.

— Tumbo halina setilaiti.

— Hapo ndipo walipokupatia! Zenon alipiga goti lake. Jamani, hii ni sera. Ubinafsishaji. Wameuza viwanda, wameuza mashamba, wakaona haijatosha. Sasa wamebinafsisha muda! Zamani muda ulikuwa wa umma. Redio inapiga vile vilio vyake, nchi nzima inaweka mshale pamoja, mkulima na waziri. Leo kila mtu na saa yake ya kununua. Masaa matatu yamepotea usiku mmoja. Nani kayachukua? Mwekezaji!

— Atayafanyia nini masaa ya usiku ya Sumbawanga? Beda aliuliza, akimimina.

— Atayafunga vizuri kwenye pakiti, atuuzie mchana.

— Acha zako, Sera, Flavian alidakia. Nyie mpaka hamuujui. Zambia wako nyuma yetu saa nzima. Mimi nikivuka, asubuhi niliyoiacha huku naikuta kule bado mbichi. Sasa hiyo setilaiti inapita juu ya mpaka, inachota muda wa kule, inauchanganya na wa huku, na ushuru hailipi! Mimi nikivusha mifuko miwili ya sukari nalazwa ndani. Yenyewe inavusha masaa mazima, mchana kweupe, na askari wanaitazama!

— Wa Zambia wako nyuma, Kasmir alisema kwa sauti ndogo. Mimi nilitangulia.

— Ndiyo hilo changa la macho lenyewe.

— Mnazunguka bure, Beda alisema, akaliweka birika chini ili apate mikono ya kufafanulia. Sisi tuko juu. Milepa wako kule bondeni kwenye joto. Setilaiti ikimwaga muda, unamfikia nani kwanza? Aliye juu ya paa au aliye chini ya kitanda? Sisi muda umetufikia haujaiva. Milepa wameupokea umeiva, ndiyo maana wamelala vizuri.

— Juu gani, wakati jua lenyewe linatuchelewea! Zenon alifoka. Dar wanaota jua, sisi huku giza, karibu nusu saa nzima, halafu wote tunaambiwa saa ni ileile. Tangu uhuru tunaamka gizani kwa ajili ya watu wa pwani! Kuna mtu alikuja kutuuliza?

— Hakuna! kijiwe kizima kiliitikia.

Na kwa kuwa hilo la jua lilikuwa kweli tupu, hasira zilipata kuni mpya. Raymond akapanda juu ya tairi.

— Nisikilizeni. Mmesahau tuko zama gani. Suruali niliyovaa hii ni mtumba. Koti la Kasmir mtumba. Baiskeli za fundi hapa, mitumba. Sasa mlidhani watatuletea saa mpya? Hizo ni saa za mitumba! Mzungu ameitumia saa yake, imechakaa, mishale imelegea, anaifunga kwenye robota, anaturushia kwa setilaiti. Na sisi tunapiga makofi! Tunaelekeza antena! Watu wazima wanatolewa kitandani kwenye baridi hii kwa muda uliovaliwa na mtu mwingine!

Walimpigia makofi. Hata fundi baiskeli alisimamisha pampu. Makofi yalikuwa bado hayajaisha pale Mzee Leonidas alipokata kona, fimbo mkononi, macho mekundu kama ya kila mtu.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba. Nimepitia jambo moja tu.

 Kasmir aliingiza mkono kwenye koti, akautoa ufunguo wa mnara na kuutazama, kisha akaunyoosha.  Mzee Leonidas akaupokea.  Raymond alishuka kwenye tairi, akasimama katikati yao.

— Mzee, hapana. Huyu hana kosa. Huyu alitii. Aliambiwa saa ni hii, akaitii. Mnamwadhibu mtu kwa utii?

— Mama yangu wa miaka tisini alikaa kigangoni usiku kucha, Raymond. Mtu fulani lazima ajibu.

— Ajibu mwenye kosa! Raymond alinguruma, na sasa alikuwa anazungumza na Kizwite yote. Mwenye kosa apatikane, hata akiwa Ulaya, hata akiwa huko huko juu na setilaiti yake! Aletwe hapa. Apite nyumba kwa nyumba, kwa miguu, avue kofia, aombe radhi kwa kila aliyeamshwa. Mpaka kwa watoto wachanga!

Mzee Leonidas alifikiri kidogo, akitafuna ulimi.

— Hilo nimelikubali. Nionyesheni huyo mtu, apite nyumba kwa nyumba, na ufunguo narudisha kwa Kasmir. Msiponionyesha, naenda nao.

Wakatazamana. Mwekezaji, Zambia, bonde la Milepa, Ulaya: hapakuwa na hata mmoja wa kuvushwa mpaka Kizwite kabla ya jioni.

Ndipo Kabula alipoteremka kwenye baiskeli. Mama huyu wa Kisukuma, ambaye ng'ombe wa familia yake wako nje kidogo ya mji, hakuwa mtu wa kijiwe, alikuja tu kujaza upepo kwenye gurudumu. Dumu lake la maziwa lilikuwa nusu, na yeye alikuwa anachechemea.

— Mmekutana wenye kengele? Vizuri, alisema. Mimi si wa kanisa lenu, lakini kengele yenu ndiyo inayoniamsha kukamua. Leo nimeingia zizini, ng'ombe wananiangalia kama mwizi. Ng'ombe mzee, mpole, ambaye hajawahi kumgusa mtu, kanipiga teke la paja. Ng'ombe wanajua usiku. Nyie hamjui?

— Pole sana, mama, Raymond alisema. Ni setilaiti.

— Ndiyo nani?

— Chombo kiko juu angani. Ndicho kinachoipa redio muda.

Kabula alitazama juu, akakinga macho kwa kiganja. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia:

— Sasa kikiwa juu kote huko, kinajuaje kwamba redio iko Kizwite? Kwa nini kisidhani iko kwa shangazi yangu kule bondeni Kaoze, au huko kwa Wazungu?

 Flavian alitazama upande wa mpakani. Beda alitikisa birika ingawa alijua lina nini ndani.

— Hakijui! Raymond alijibu kwa furaha, maana hatimaye lilikuwa limekuja swali analolijua. Nimekisoma kitabu chake. Setilaiti inaona Afrika nzima, kama wewe unavyoona zizi lako. Inawamwagia wote muda wa namna moja, ule wa Grinwichi, Uingereza. Mahali ulipo haipajui. Redio ndiyo inayojumlisha tofauti. Ndiyo maana ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza: nyie na saa ya Grinwichi mmetofautiana kwa masaa mangapi?

— Ikakuuliza wewe?

— Mimi mwenyewe.

— Ukaiambia mangapi?

— Sita, alisema Raymond, akinyoosha kola. Hilo nalo la kuuliza? Mzungu akisema saba asubuhi, sisi tunasema saa moja. Akisema kumi na mbili mchana, sisi sita. Tofauti ni sita, hata mtoto anajua. Ikauliza tena, kujumlisha au kutoa? Nikabonyeza kujumlisha. Nchi haijengwi kwa kutoa.

 Fundi aliacha pampu ikashuka yenyewe.

— Mitambo, Zenon alisema polepole sana. Hiyo sita ni ya mdomoni tu. Ni namna yetu ya kuhesabu kuanzia jua linapochomoza. Sisi na Grinwichi ni tatu. Darasa la sita, jiografia. Nilichapwa kwa ajili ya hiyo tatu.

— Sita toa tatu, alisema Beda.

— Tatu, alisema Kasmir. Na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikaa wima.

Raymond alitafuta. Alimtafuta Mzungu, akamtafuta mwekezaji, akatazama hata juu, huko setilaiti iliko, lakini anga la Ufipa lilikuwa jeupe, halina hata wingu la kusingizia.  Mzee Leonidas aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha Kasmir, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, kisha akamgeukia Raymond.

— Nyumba kwa nyumba, alisema.

— Mzee, yale nilisema kwa hasira.

— Na sisi tuliamka kwa hasira. Kofia.

Raymond akavua kofia. Upepo ukamkuta upara.

— Mama Kabula, samahani kwa teke.

— Kamwambie na ng'ombe, Kabula alisema. Naye aliamshwa.

— Nitamwambia. Mzee, nitapita kote, mpaka nyumba ya mwisho. Ila nakuomba kitu kimoja: kwangu niachie mpaka niwe nimemaliza nyingine zote.

— Kwa nini? Mkeo ndiye wa karibu.

Raymond aliifinyangafinyanga kofia.

— Kengele ilipolia, Hellena aliniambia, baba Adela, bado ni usiku, lala. Mimi ndiye niliyemvuta blanketi, nikamwita mvivu, nikamwambia saa ya ile redio haiwezi kukosea, nimeiweka mwenyewe.